Kitimoto ya Rau, Moshi: mimi nyota nne, waifu nyota moja, na hakuna aliyekosea

Haya wadau, kila wiki humu kuna mtu anauliza kitimoto ya ukweli Moshi inapatikana wapi, sasa leo nawapa tathmini ya kijiwe kimoja maeneo ya Rau ambacho mi na familia tunaendaga sana tu wikiendi. Jina siliweki. Kuna kasoro moja nitaisema hapa na si haki kuwabebesha wao peke yao wakati vijiwe kibao nilivyokula vinayo hiyo hiyo, tena vingine vimezidi. Na nyie msiokula nguruwe mnisamehe bure, rukeni mpaka kwenye kachumbari, pale pana la kwenu.

Mazuri kwanza. Kilo ni 14,000, nusu 7,000, robo hawapimi Jumamosi hata umlilie mangi. Ndizi sahani 1,500, za kukaanga au za kuchoma, chukua za kuchoma. Nyama unachagua mwenyewe ikiwa inaning'inia, kijana anaiweka kwenye gogo anaikata kwa panga, inapimwa mbele ya macho yako na mzani wao hauna ujanja. Ukiagiza kavu ndo umekula. Wanaichemsha kwanza na chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu mpaka maji yakauke, halafu nyama inabaki inajikaanga kwenye mafuta yake yenyewe kwenye karai, jamaa anaigeuza na mwiko mrefu mpaka ile ngozi inaota malengelenge, yanapasuka pa pa pa, ukija kuitafuna inalia mdomoni. Rosti yao sijaipenda, nyanya ya kopo nyingi mno mpaka unajiuliza umeagiza nyama au supu ya nyanya. Kusubiri ni dakika arobaini hivi, ikijaa watu ni saa nzima, na hapo usiwaharakishe, nguruwe anatakiwa aive mpaka ndani, tegu si mchezo. Maji ya kunawa ya moto yapo, dada anakuja na jagi na sabuni bila kuitwa. Choo kisafi mchana, usiku shauri yako. Wanapokea lipa namba. Parking hamna, mnabanana barabarani.

Sasa kasoro. Kuna siku, hasa Jumamosi, nyama inakuja na harufu, ila sio wote mezani mtaisikia, na hapo ndo ugomvi unapoanzia.

Iko hivi. Karai moja, mnyama mmoja, sahani moja. Mi nilikuwa nimeshasukuma vipande kadhaa, waifu kachukua kipande chenye mafuta mazuri kabisa, kakifikisha karibu na mdomo akasimama hapo hapo, akakishusha, akanusa vidole vyake, akakinusa tena, akaniambia baba Junior hii kitu inanuka mkojo. Mdogo wake akakichukua kipande kile kile akakinusa, yeye anasema mbona anasikia kautamu fulani hivi ka vanila, hata haimkeri, akakitia mdomoni. Mi nimekaribia kuchomeka nyama puani, sijasikia kitu zaidi ya tangawizi. Mhudumu akaitwa, dada wa watu akaapa shemeji huyu kachinjwa leo asubuhi, muhuri wa mkaguzi huu hapa ubavuni, na kweli ulikuwepo. Nyama ilikuwa freshi kabisa, rangi nzuri, haitelezi. Waifu kala ndizi na kachumbari siku hiyo, njiani kurudi kanyamaza mpaka nyumbani, nyota moja, na hiyo moja ni ya ndizi.

Mi kazi yangu ni maabara kwahiyo hii kitu nikaitafuta, na majibu yake ni matamu kuliko hata ile kitimoto.

Nguruwe dume ambaye hajahasiwa, akishabalehe, kende zake zinatengeneza kitu kinaitwa androstenoni. Kwa nguruwe ni mawasiliano, ipo kwenye mate yake, jike aliye kwenye joto akiinusa anasimama wima anatulia tayari kwa kupandwa, mpaka kuna makopo ya kupulizia yenye hiyo kitu wanauziwa wafugaji huko nje ili wajue jike yuko tayari au bado. Shida ni kwamba androstenoni inapenda mafuta. Inajikusanya kwenye mafuta ya mnyama inakaa humo, nyama ikiwa baridi kwenye ndoano husikii mambo mengi, ukiipasha moto ndo inapaa. Kuna na mwenzake anaitwa skatoli, huyu anatengenezwa na bakteria kwenye utumbo, ananuka kinyesi bila kupindisha maneno, naye anahifadhiwa kwenye mafuta na kwa dume zima ndo anazidi. Jike na dume aliyehasiwa mapema hawana hii shida ya androstenoni. Haidhuru, haikupi ugonjwa wowote, mkaguzi wa nyama hana kosa hapo maana muhuri wake ni wa usalama.

Sasa kwanini waifu anasikia mkojo, shemeji anasikia vanila na mi nimekaa tu na tangawizi yangu?

Juu kabisa ndani ya pua, chini ya ubongo, kuna kieneo kidogo chenye mamilioni ya seli za neva, na kila seli imebeba kipokezi, yaani kinasa harufu, cha aina moja tu kati ya vyote ambavyo mwili unaweza kutengeneza. Kila kipokezi kina jeni yake, yaani maelekezo yake ya kukitengeneza kwenye DNA. Waliozigundua hizo jeni ni Linda Buck na Richard Axel, Wamarekani, walitoa kazi yao mwaka 1991 na mwaka 2004 wakapewa Nobel ya tiba kwa hiyo hiyo kazi ya pua. Watu walishangaa idadi. Binadamu tuna jeni za vipokezi vya harufu kama 400 hivi zinazofanya kazi, zimetapakaa karibu kromosomu zote, na zaidi ya hizo tuna mamia mengine yamekufa, yapo kwenye DNA yanarithiwa kizazi hadi kizazi lakini hayatengenezi chochote. Panya ana zaidi ya 1,000 zinazofanya kazi. Na tembo wa Afrika, huyu huyu anayetusumbua mashamba kule West Kilimanjaro, ana karibu 2,000, hakuna mnyama aliyepimwa kwenye utafiti mmoja wa 2014 aliyemkaribia, hata mbwa kaachwa mbali. Ndo maana mwaka 2007 watafiti wa Amboseli, hapo ng'ambo ya mlima tu, waliwawekea tembo nguo zilizovaliwa na Wamasai na nguo zilizovaliwa na Wakamba, tembo wakizinusa za Wamasai wanakimbia kwa kasi zaidi na kwenda mbali zaidi, kwasababu Mmasai ndo anawachomaga mkuki. Nguo tu hiyo, mtu mwenyewe hayupo.

Sisi na hizo 400 zetu tunajitahidi kwasababu harufu moja haigusi kipokezi kimoja. Molekuli moja inaamsha vipokezi kadhaa, na kipokezi kimoja kinaitikia molekuli kadhaa, ubongo unasoma ule mchanganyiko, kama kinanda cha kanisani ambacho vidole vikibonyeza kwa pamoja unasikia wimbo husikii noti moja moja. Hilo lilionyeshwa mwaka 1999, Buck huyo huyo alikuwemo. Lakini, na hapa ndo pa muhimu kwa walaji wa Moshi, vinanda vyetu havijafanana. Utafiti mwingine wa 2014 ulikuta ukichukua watu wawili wowote, zaidi ya asilimia 30 ya vipokezi vyao vinafanya kazi tofauti. Yaani mnakaa meza moja, pua zenu kwa karibu theluthi ni pua mbili tofauti, halafu mnataka mkubaliane nyota ngapi.

Kwa androstenoni mtuhumiwa mkuu anajulikana kwa jina. Jeni inaitwa OR7D4. Mwaka 2007 timu ya Andreas Keller na Leslie Vosshall wa chuo cha Rockefeller kule New York pamoja na Hiroaki Matsunami wa chuo cha Duke walionyesha kwamba kipokezi kinachotengenezwa na hiyo jeni kinaitikia androstenoni kwa nguvu, na kwamba jeni yenyewe ina matoleo mawili yanayopatikana sana, wanayaita RT na WM, tofauti yake ni herufi mbili za DNA zinazobadilisha vitofali viwili tu vya ile protini. Mwenye RT mbili, ya baba na ya mama, huwa anaisikia vizuri na kwake inanuka vibaya. Mwenye WM hata moja uwezo unashuka, wengi wao haiwakeri sana au hawasikii kabisa, na kuna wanaosema ni tamu, ina kavanila. Umewaona waifu na shemeji hao? Ni mtu na mdogo wake, wamezaliwa Machame nyumba moja, lakini kila mmoja kaokota nakala zake kwa baba na kwa mama. Sijawapima DNA, msinikariri, na OR7D4 haielezi kila kitu, ila maelezo yanakaa kabisa. Na mwaka 2012 watafiti wa Norway wakaenda moja kwa moja jikoni, wakapika nyama ya nguruwe yenye androstenoni wakalisha watu ambao jeni yao inajulikana, na wenye RT mbili ndo walioilalamikia zaidi. Yaani utafiti wa kisayansi wa kile kile kilichotokea pale Rau, tofauti ni kwamba wao hawakununiana kwenye bajaji.

Sasa mangi mwenye kijiwe (tumeshazoeana) nilipomweleza hili la jeni akafurahi sana, akaona kapata pa kujifichia. Akasema aah kumbe shida ni pua ya waifu wako, nyama yangu haina neno. Nikamwambia ngoja kwanza, tulia. Mwaka 2015 Kara Hoover na wenzake walipima jeni hiyo hiyo kwa watu zaidi ya 2,200 kutoka jamii 43 duniani, na walichokuta ni kwamba watu wa Afrika kwa kawaida wana lile toleo linaloisikia, wasioisikia wanaongezeka ukielekea kaskazini ya dunia. Maana yake hapa kwetu wateja wenye pua ya waifu ndo wengi, mi na ukiziwi wangu wa pua ndo wachache. Mzungu akija kwenye kijiwe chako akasema nyama tamu sana asikudanganye, kwao kuna wengi hawaisikii. Mangi akanyamaza kidogo akaagiza soda.

Hapo niwe mkweli kwa wenye vijiwe wote, ndimu na tangawizi hazitoi hii harufu. Zinaifunika. Androstenoni imekaa ndani ya mafuta, unavyokaanga kavu ndo unaikamua kabisa ipande na mvuke, na mvuke ukiingia mdomoni unapanda puani kwa nyuma, kupitia koo, ndo maana mtu anaweza asisikie kitu kwa kunusa sahani lakini akitafuna anakunja uso. (Kama hujui habari ya njia ya nyuma, bana pua utafune kipande cha kitunguu, halafu achia, utanielewa.) Na jamaa anayekaanga msimuulize, kasimama juu ya lile karai toka asubuhi, pua yake imeshazoea imeacha kuripoti, hiyo ni tabia ya pua zote hata za wenye jeni nzuri. Wauza samaki sokoni nao hawajisikii.

Dawa iko kwa mfugaji. Hasi dume akiwa bado mdogo, hizo habari zinaisha. Mangi anasema wafugaji anaochukua kwao wengine wanahasi vizuri tu, ila Ijumaa na Jumamosi mahitaji yanazidi, anapiga simu mpaka Himo, anachukua kilichopo, na kilichopo mara nyingine ni dume la mbegu lililochoka kazi mtu anataka aliondoe bandani. Hilo ndo baya kuliko yote, limebalehe miaka, mafuta yake yamehifadhi kila kitu. Anauziwa kwa bei nzuri, na yeye anatuuzia sisi kwa 14,000 ile ile. Hapo ndo nampunguzia nyota mimi ambaye hata sisikii harufu. Kama umenunua dume la mbegu kwa bei ya kutupa, ungetushushia na sisi, au ungetuambia.

Nilimpa na wazo, sio langu, kwenye machinjio kadhaa Ulaya wanafanya. Wanachukua mtu, wanampima kwanza kama pua yake inaisikia androstenoni, akifaulu anapewa kazi ya kunusa mafuta ya kila dume yakiunguzwa kidogo na kitu cha moto, mnyama anayenuka anatengwa. Ni kazi kabisa ya mshahara. Nikamwambia mangi huna haja ya mashine, kata kipande cha mafuta cha shingoni, kikaange kwenye kikaango pembeni, mwite mtu anayesikia. Tatizo lake yeye mwenyewe hasikii! Kumbe ndo maana miaka yote alikuwa anaona wateja wanamsingizia. Tukawaita wafanyakazi mmoja mmoja waje wanuse kipande kama kile cha waifu, mkata nyama hakuna kitu, kijana wa vinywaji hakuna kitu, yule dada wa jagi la maji akanusa akarudi nyuma akasema mangi mi hii naisikiaga kila Jumamosi nilidhani ni choo. Tulicheka mpaka meza ya jirani wakauliza kuna nini.

Toka siku hiyo yule dada ndo mkaguzi wa harufu, mnyama akishushwa anaitwa kwanza. Nasikia kuna dume alilikataa, mangi akabishana na aliyelileta mpaka likarudishwa kwenye pikipiki. Sijui kama kaongezewa mshahara, ningekuwa yeye ningedai.

Kuna mdau atasema tuwachukue wale panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa, pale Morogoro kwenye chuo cha kilimo cha Sokoine (SUA), waje wanuse nguruwe. Unacheka lakini hao panya wananusa makohozi wanatambua kifua kikuu, na mwenzao Magawa aliyezaliwa hapa Tanzania alienda Kambodia akanusa mabomu ya ardhini na mengine ambayo hayajalipuka zaidi ya 100, mwaka 2020 wakampa medali ya dhahabu Uingereza. Kwa nguruwe ingekuwa kuwavunjia heshima tu. Dada wa jagi anatosha.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi binafsi. Mwaka 1989 jamaa mmoja wa Marekani anaitwa Charles Wysocki na wenzake walichukua watu wasioisikia kabisa androstenoni wakawanusisha mara kwa mara kwa wiki kadhaa, na baadhi yao, sio wote, wakaanza kuisikia. Pua ilijifunza. Sasa mi niliyenusishwa kile kipande na kile kingine na kingine ili kumridhisha waifu, naogopa Jumamosi moja nitaamka nimepona, na starehe yangu ya bei nafuu ndo itakuwa imeishia hapo.

Kachumbari. Karibuni tena msiokula nguruwe. Ya pale ni nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi vizuri, pilipili mbuzi na giligilani nyingi, wanaikatakata inachanganywa yote huko jikoni. Mi naipenda mpaka naagiza bakuli la pili. Lakini mama mkwe wangu anasema anakula sabuni. Hatanii, na wala sio kwamba vyombo havijasuuzwa, hiyo nayo ni pua. Majani ya giligilani yana aldehaidi, familia ile ile ya vitu vinavyopatikana kwenye sabuni na hata kwa baadhi ya wadudu, na mwaka 2012 waliochambua DNA za maelfu ya watu walikuta wanaosikia sabuni wana tofauti kwenye kieneo kimoja cha kromosomu ya 11 chenye jeni za vipokezi vya harufu, mojawapo OR6A2 ambayo inaitikia hizo aldehaidi vizuri sana. Ila pale ushahidi sio mkali kama wa nguruwe, jeni inaeleza sehemu ndogo tu ya kwanini mtu anachukia giligilani, mazoea nayo yana mchango mkubwa, watu waliokulia kwenye mapishi ya Kihindi ambako giligilani inawekwa kila kitu hawaisemagi vibaya. Mama mkwe kakulia Machame kwenye mtori, giligilani kaijulia ukubwani. Kwahiyo mwambie dada aikate pembeni kwenye kisahani kila mtu ajiwekee, wanakubali bila kununa, ila useme mapema kabla hawajachanganya.

Na wala mbuzi sio pa kukimbilia kama unadhani umekwepa. Anayesikia beberu kwenye supu anajua naongelea nini, na pale hata mi nasikia, beberu hana siri na mtu. Rau hawapiki mbuzi, nataja tu.

Mnaopanga kwenda, ushauri wangu ni huu. Kama pua yako ni ya waifu, nenda katikati ya wiki, mangi anachinja majike na waliohasiwa kutoka kwa wafugaji wake wa siku zote na haijawahi kutokea waifu akalalamika, hata yeye siku hizo anapanda mpaka nyota tatu na nusu (nusu anaizuia kwa ajili ya rosti). Jumamosi uliza mapema ni jike au dume, uliza kwa sauti ya kawaida tu kama unauliza bei, wameshazoea swali. Agiza kavu, na kama una mashaka omba sehemu isiyo na mafuta mengi, mnofu wa paja, harufu ikiwepo itakuwa ndogo maana yenyewe ipo kwenye mafuta, japo hapo umejinyima ile ngozi, kila mtu na maamuzi yake. Usipeleke mtu mwenye mafua akuamulie kama nyama iko sawa. Na mkiwa wengi mezani kila mmoja anuse kabla hamjalipa, akipatikana hata mmoja anayekunja uso msimwambie anadeka.

Jumatatu wamefunga. Ukipanda bajaji toka stendi mwambie kabisa unashuka kabla ya kanisa, ukimwacha akupitishe anakudai nyingine.